Kicheko cha Nendapole

Juzi nilikuwa Masuguru nyumbani kwa binti yangu, nimekaa na wajukuu mbele ya televisheni. Walikuwa wanaangalia mchezo wao wa kila wiki, wa kuchekesha, wa watu wa mji mdogo huko mashambani: mwenye duka mwenye gubu, mwenyekiti anayependa kusifiwa, na mama mmoja mwenye mdomo ambaye habari zote hupita kwake kabla ya kuwafikia wenyewe. Kila mtu akisema neno, kicheko kinalipuka, na wanaocheka hawaonekani. Nikauliza, "Hao wanaocheka ni kina nani, na wamekaa wapi?" Mjukuu wangu mkubwa akajibu bila hata kugeuka, "Si watu, Bibi. Wanaweka tu." Jibu hilo halikunitosha. Kwanza mimi sipendi kuambiwa nicheke lini. Pili, swali hilo nimetembea nalo tangu nikiwa mdogo kuliko yeye, na niliwahi kuwachukia watu hao wanaocheka kwa moyo wangu wote.

Utoto wetu sisi haukuwa na televisheni. Ulikuwa na redio, na kijijini kwetu redio ilikuwa moja, na mwenye redio hiyo nilimchukia vilevile.

Nililelewa na Bibi, mama mzaa baba. Mama yangu, Msambaa wa Bungu, alifariki nikiwa bado nanyonya. Baba alikuwa akifanya kazi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe, akija mara mojamoja na sukari, sabuni na harufu ya mkonge ambayo haikumtoka hata akioga. Kwa hiyo dunia yangu ilikuwa Bibi na kaya yetu ya zamani ya Kizigua huko ndani Handeni, nyumba chache za ndugu, zizi la mbuzi na njia ya kwenda kisimani. Bibi alikuwa msemaji. Alisema na kuku, alisema na moto ukikataa kuwaka, aliigombeza mvua kwa kuchelewa na akaigombeza tena ilipokuja kwa fujo. Alfajiri nikiamka sikuhitaji kumtafuta kwa macho. Nilisikiliza tu sauti iko upande gani, nikajilaza tena.

Kisha tukahamishwa. Wenye umri wangu wanajua neno hilo lina uzito gani, hawahitaji kuelezwa. Tuliambiwa watu wasiishi wametawanyika, wakae pamoja kijijini wapate shule, zahanati na maji. Shule kweli ilikuja, na bila shule ile nisingekuwa naandika haya, kwa hiyo sitaki kusema nusu ya mambo nikaacha nusu. Mimi siku ile nilifurahi mno. Sikuwahi kupanda lori. Nilipanda juu ya mizigo, katikati ya magodoro ya majani na vinu, nikaona miti ikirudi nyuma, nikapiga kelele za furaha. Bibi alikuwa ametoka kufagia kaburi la Babu. Alipanda na ufagio mkononi, akakaa ameelekea tulikotoka, na lori lilipoanza kwenda akafunga mdomo.

Nilidhani ni vumbi. Nilidhani tukifika ataufungua.

Kijiji kipya kilikuwa kimepangwa kwa mistari, nyumba zote zimeangalia barabara. Vijana walimjengea Bibi nyumba yake, akawaangalia tu, hakuwaambia ahsante wala hakuwakosoa, na Bibi wa zamani angewakosoa tangu nguzo ya kwanza. Ilipokwisha, akachukua kigoda chake akaenda kukaa nyuma ya nyumba, mgongo barabarani, uso upande wa kaya ya zamani. Hapo ndipo alipokaa. Alilima kidogo, akapika kidogo, akala kidogo zaidi, akarudi kwenye kigoda. Majirani waliingia na kutoka kwa heshima, wakizungumza kwa sauti za msibani. Hakuna aliyethubutu kumsumbua. Mtu aliyeacha makaburi ya watu wake nyuma ni mfiwa, na mfiwa huachwa akae.

Neno moja tu lilibaki kinywani mwake. Ukimwamkia "Shikamoo," aliitikia "Marahaba." Kukataa salamu lilikuwa jambo ambalo hata kwa uchungu ule hakuliweza. Mimi nikaligundua hilo mapema, nikaanza kumwamkia kila mara. Nilimwamkia nikiamka, nikamwamkia nikitoka kisimani, nikamwamkia nikitoka chooni. Nilizunguka nyumba upande mmoja nikatokea mwingine ili nipate sababu ya kumwambia shikamoo. Alijua ninachofanya. Wakati mwingine aliniangalia kwanza, kitambo, kisha akaitikia polepole, nami nikaondoka nimeshiba.

Baba alipokuja na kukuta hali ile, alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, unaumwa? Useme nikupeleke zahanati."

Kimya. Akabaki pale muda mrefu, mikono yake iliyochanwachanwa na mkonge iko magotini. Baadaye aliniketisha juu ya kinu kilicholala akaniambia mambo kwa sauti ya chini, kana kwamba mimi ni mtu mzima. Mtoto hawezi kukua na mtu asiyesema. Tukishavuna, kama Bibi bado yuko vile, atanichukua akanipeleke kwa Shangazi, Masuguru, kule Korogwe.

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa na sakafu ya saruji na kitanda cha watoto. Lakini nilijiuliza, nikiondoka nani atamwamkia Bibi? Majirani watamwamkia asubuhi, basi. Neno lile moja lililobaki nalo litakauka. Nililala na wazo hilo na kuamka nalo, nikihesabu mahindi shambani yalivyokuwa yakikomaa, nikayachukia mahindi.

Sasa niwaambie habari za jirani yetu, Mzee Maganga.

Alikuwa Mnyamwezi. Alikuja Korogwe kijana kukata mkonge, akaukata mpaka akazeeka, na kazi ilipomshinda akaletwa kijijini kwetu, akapewa kiwanja kilichopakana na chetu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na kofia ya pama iliyochakaa, shamba dogo la tumbaku, na redio ya sanduku la mbao aliyoifunika kwa kitambaa kilichodariziwa maua. Mawe ya redio, ndivyo tulivyoziita betri, aliyaanika juani juu ya jiwe ili yapate nguvu, na mpaka leo nikisikia harufu ya kitu cha chuma kilichopata moto wa jua, naiona ile safu ya mawe mekundu na Mzee Maganga akiyageuza mojamoja kwa uangalifu wa mtu anayechoma mahindi.

Kila Jumapili alasiri mstari wetu wote ulikusanyika uani kwake kusikiliza mchezo. Mchezo ulikuwa wa mji mdogo uitwao Nendapole. Kulikuwa na fundi cherehani, Bwana Chogo, ambaye hakuwahi kumaliza nguo ya mtu kwa wakati, na Bi Tabu mwenye hoteli, ambaye chai yake ilikuwa maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Kila wiki waligombana. Bwana Chogo alishona kanzu ya bwana harusi fupi ya magoti, Bi Tabu akamtangazia mji mzima. Bi Tabu aliuza maandazi ya juzi, Bwana Chogo akayatumia kuzibia tundu la dari. Hayakuwa mambo makubwa. Yalikuwa mambo ya kwetu, ya watu wanaoonana kila siku na hawana pa kukimbiana, na watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya muda kila mtu kijijini alikuwa na jina la Nendapole. Fundi wetu mwenyewe aliitwa Chogo mpaka akafa.

Mimi niliamini Nendapole ni mji kweli. Niliuweka mbele ya Korogwe, njia ya kwenda Mombo, mahali ambapo Baba angeweza kupita siku moja akaona ile hoteli. Na kile kicheko kilichotoka redioni kila baada ya maneno, niliamini ni cha wakazi wa Nendapole, wamekaa vibarazani wanawaangalia Bwana Chogo na Bi Tabu wakigombana barabarani. Nikaenda mbali zaidi. Nilifikiri kama sisi tunawasikia wao, basi na wao wanatusikia sisi. Nikitaka kukohoa nilifunika mdomo na upande wa kanga ya jirani. Sikutaka Nendapole waseme kijiji chetu kina watoto wasio na adabu.

Bibi hakuja uani kwa Mzee Maganga. Hakuwa na haja. Kigoda chake kilikuwa nyuma ya nyumba, na ua wa Mzee Maganga ulifika hapohapo. Siku za mwanzo watu walikaa upande wa pili, kwa heshima, na redio ikapunguzwa sauti. Kisha Jumapili moja Mzee Maganga akaibeba redio, akaileta mpakani kabisa, akaiweka juu ya gogo, umbali wa kumrushia mtu punje ya mahindi. Watu wakatazamana. Bibi hakugeuka.

Bi Tabu alipoanza kumfokea Bwana Chogo, Mzee Maganga akasimama, akavua kofia, akaelekeza kidole mgongoni kwa Bibi.

"Mnamwona huyo? Huyo ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua bibi yake kwa pishi ya mtama, na mtama wenyewe ulikuwa na wadudu!"

Hapohapo redio ikacheka. Nendapole nzima ikacheka. Na majirani nao, ambao wiki nzima walikuwa wakinyatia mbele ya nyumba yetu, wakaanza kucheka, wengine wameziba midomo, wengine waziwazi. Nilimtazama Bibi. Mgongo wake haukutikisika.

Toka siku ile haikupita Jumapili bila matusi. Mzee yule alikuwa hodari wa wakati. Alikwisha kuujua mchezo, alijua kicheko kinakuja wapi, na aliingiza neno lake sekunde moja kabla ya kicheko, hivyo kila alilosema likachekwa na mji mzima nisioujua. "Chai ya Bi Tabu ni maji, lakini huyu hata maji hana, amekauka!" Kicheko. "Huyu Mzigua amekaa hapo kuanikwa, usiku njooni tumwanue!" Kicheko. Nilikuwa nikirudi nyumbani nimejaa hasira. Nilishangaa watu wazima, watu wa dini, wanavyoweza kumcheka mwanamke aliyefiwa na nchi yake. Nilishangaa zaidi kwamba siku inayofuata wanakuja na kunde na unga, wanamwamkia kwa upole uleule.

Siku moja katikati ya wiki alikuja mwenyewe, peke yake, bila redio. Alipita mbele yangu bila kuniona, akainama, akamkamata kuku mwekundu wa Bibi, yule aliyekuja naye kwenye lori. Akamweka kwapani, akaenda kusimama mbele ya kigoda.

"Nimechukua kuku," akasema.

Bibi akamwangalia.

"Nasema nimechukua kuku wako. Naenda kumchinja."

Bibi akamwangalia tu. Mzee Maganga akasubiri. Alisubiri mpaka kuku mwenyewe akachoka kupiga kelele. Kisha mabega yakamshuka, akamweka kuku chini taratibu, akaondoka, kofia mkononi. Nikasema moyoni, mwizi ameingiwa na hofu. Nikajivunia kwamba Bibi kwa macho tu amemshinda.

Tukavuna. Baba akaja Jumamosi, akamwamkia Bibi, akaitikiwa, akasubiri neno la pili na halikuja. Usiku ule akakunja magauni yangu mawili akayafunga kwenye kitambaa. Lori la pamba lilikuwa linaondoka Jumatatu asubuhi kwenda Korogwe, na dereva alikuwa amekubali kutuchukua.

Jumapili ile niliifuata redio kwa sababu tu sikuwa na pengine pa kwenda. Baba alikaa na wanaume. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, mgongo ule ule. Bwana Chogo alikuwa amepoteza suruali ya mwenyekiti wa Nendapole, na mji ulikuwa unamtafuta. Mzee Maganga akasimama. Safari hii hakucheka mwenyewe alipokuwa anasema. Niliiona hata mimi, uso wake ulikuwa wa mtu anayefanya kazi ngumu.

"Mzigua huyu ameusahau ulimi wake kule porini," akasema. "Umelala juu ya kaburi la mumewe, nzi wanautembelea. Kesho naenda kuuokota. Nitamfunga nao mbwa wangu shingoni, awe anabweka Kizigua!"

Nendapole ikacheka kuliko siku zote. Na Baba, Baba yangu mwenyewe, akacheka. Alikuwa amejishika kichwa, anacheka.

Sikujua ninasimama mpaka nilipokuwa nimeshasimama, mbele ya gogo, mbele ya watu wote.

"Wewe mzee mbaya!" nikapiga kelele. "Mwizi wa kuku! Huna mke, huna mtoto, huna hata kwenu! Ndiyo maana umekaa na sanduku!"

Hakuna aliyepumua. Mtoto wa kike, mdogo vile, kumwambia mzee maneno yale hadharani. Mama mmoja akajishika kifua. Mzee Maganga aliiminya kofia yake kwa mikono miwili, na nikaona kwamba maneno yameingia mahali. Katikati ya kimya kile redio peke yake ikapasuka kicheko, kirefu, cha furaha kabisa, kwa ajili ya suruali ya mwenyekiti. Baba akainuka anakuja, mkono umeshanyanyuliwa.

"Mwache."

Sauti ilikuwa imekwaruza, ya kitu kilichokaa bila kutumika. Mkono wa Baba ukabaki hewani. Bibi alikuwa amegeuka. Alikuwa ananiangalia mimi, na macho yake yalikuwa makali kama zamani.

"Nani kakupa ruhusa ya kumtukana huyu?" akaniuliza. "Wewe ni nani yake? Huyu ni mtani wangu. Wa kumtukana ni mimi."

Akainuka. Akakiinua kigoda, akakigeuza, akakiweka chini kikiwa kimeelekea watu na barabara, akakaa, akaweka mikono magotini.

"Na wewe Maganga. Umesema wee, mpaka masikio yangu yameota ukurutu. Babu yako alipita kwetu na mzigo kichwani, shingo imezama mabegani, hajulikani anakwenda ama anarudi. Akatuomba maji. Tukampa. Tungejua atamzaa nani, tungempa ya chumvi!"

Kicheko kilichotoka hapo hakikuwa cha Nendapole. Kilikuwa chetu, cha mstari mzima, na kilianzia tumboni.

"Unaringa una redio. Umeinunua kwa sababu hata wewe mwenyewe umechoka kujisikiliza! Na kuku wangu ulimrudisha kwa nini? Eeh? Mgosi mzima, mwanamume na ndevu zake, anaiba kuku, anasimama naye kutwa nzima, halafu anarudisha! Wizi wenyewe huuwezi! Mizigo mliiweza kwa sababu mlifungwa kamba!"

Mzee Maganga akaitupa kofia chini. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta. "Mtumwa amesema!" akawa anaita watu, kama hawakusikia. "Jamani, mtumwa wangu amesema!" Mtu mmoja akanyoosha mkono akaizima redio, maana ilikuwa inatupigia kelele.

Baba alinieleza jioni, mimi nimekaa tena juu ya kinu. Mzigua na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ambayo hana ndugu, hana jirani, hana mwenyekiti wa kijiji. Anaweza kukutukana, anaweza kuchukua kitu chako, na wewe huruhusiwi kukasirika, unatakiwa umjibu. Bibi alipofunga mdomo, sote tulimheshimu, na heshima yetu ikamfungia ndani. Hakukuwa na mtu mwingine wa kwenda kumgongea mlango kwa kishindo. Kijiji kizima kilikuwa kinalijua hilo isipokuwa mimi. Walicheka ili kumsaidia Mzee Maganga kugonga. Baba alisema hayo, kisha akakifungua kile kitambaa, akaniambia nikayarudishe magauni mahali pake.

Nilikwenda kumwomba Mzee Maganga radhi, nimepiga magoti, nalia. Akasema, "Inuka. Mdomo huo ni wa bibi yako, usije ukaupoteza." Kisha akanipa kazi ya kuyageuza mawe juani.

Zikafuata Jumapili ambazo nikizikumbuka leo nasikia utamu mpaka kwenye meno. Watu walikuja kusikiliza Nendapole, lakini sidhani kama kuna aliyeisikia vizuri. Bwana Chogo na Bi Tabu walikuwa wakigombana upande mmoja, Bibi na Mzee Maganga upande mwingine, na mara nyingi ilibidi redio isubiri. Bibi alilima tena, alizigombeza mvua tena, aliwakosoa vijana kwa ile nguzo ya kwanza, ambayo kweli ilikuwa imepinda. Mimi nilikwenda Korogwe likizo moja, nikaitafuta Nendapole kwa macho toka juu ya lori mpaka tukafika. Sikuiona, na wala sikuumia sana. Nilikuwa nimeshapata yangu.

Mzee Maganga alikufa baada ya masika, nikiwa darasa la tano. Hakuwa na ndugu wa kuitwa, na barua ya Tabora isingefika mapema. Vijana walichimba kaburi, wazee wakamwosha, na jeneza likatolewa nje asubuhi. Wanaume walipoliinua wakataka kupita, wakamkuta Bibi amelala mlangoni mwa ua, amejinyoosha njia nzima. Amevaa koti la Mzee Maganga, na kofia ya pama imemfunika macho.

"Hapiti mtu," akasema kwa sauti ya marehemu, na ule mkoromo wake kamili. "Mtumwa wangu anakwenda wapi? Nani kamruhusu? Kazi zangu nani atafanya?"

Akainuka, akatembea alivyotembea Mzee Maganga, mguu mmoja unaburuzika. Akaegemea gogo, akavua kofia, akanyoosha kidole kwenye jeneza akalitukana. Wanaume walicheka huku wamebeba, jeneza likatikisika mabegani, na shehe mwenyewe akageukia pembeni. Walimpa Bibi kipande cha tumbaku kuwa faini, haki ya mtani msibani, ndipo akapisha. Hakuna aliyelia jeneza lilipotoka. Mtu asiye na mke, asiye na mtoto, asiye na kwao, alizikwa watu wakiwa wamechoka kwa kucheka, na mimi niliyewahi kumtajia mambo hayo matatu mbele za watu nilisimama kando ya njia, nikaelewa Bibi amemfanyia nini.

Kisha watu wakaondoka. Bibi akalivua koti, akalikunja, akanawa uso. Akachukua kigoda chake akaenda nyuma ya nyumba, akakaa, mgongo barabarani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

Kesho yake ikawa hivyo, na siku iliyofuata. Majirani wakaanza kupita kwa kunyata. Hakukuwa na Mnyamwezi mwingine katika kijiji chetu. Nilikaa nimejiinamia jikoni, ile hofu ya Masuguru ya utotoni imenirudia nzima, na ndipo nikakumbuka kwamba na mimi nina ruhusa. Kwetu mjukuu na bibi ni watani. Wenzangu waliwaita bibi zao wake wenza, wakawagombania babu zao mchana kutwa. Mimi sikuwahi. Babu nilikuwa nimemjua kwa kaburi tu, na Bibi nilimwogopa kwa kumpenda.

Nikatoka. Nikasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Wewe mke mwenza," nikasema, na sauti yangu ikapanda juu bila kutaka. "Umekaa hapo umenuna, uso umekunjamana, ugali wako una mabonge. Mume wetu angekuona hivyo, angefurahi kwamba alikufa mapema!"

Bibi akaniangalia. Akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani, bila haraka, na mimi nikawa nimeshafungua mdomo kumwomba radhi.

"Alikufa kabla wewe hujazaliwa," akasema. "Alikuona unakuja."